Kipandauso cha Bibi Harusi

Jicho langu la kushoto limekaa chini kidogo kuliko la kulia. Wanafunzi wangu huligundua wiki ya kwanza ya muhula, hunong'onezana, kisha hulizoea. Wale watundu hudhani natazama dirishani kumbe nawatazama wao, na kwa miaka yangu mingi ya kufundisha Jiografia huko Ng'ambo nimewanasa wengi kwa njia hiyo, wakichungulia majibu ya wenzao. Kwa hiyo jicho lenyewe silinung'unikii. Lakini juzi nilikwenda msibani kwa Bi Rukia, Malindi ya hapa mjini kwetu, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu tukisoma Yasini, na nikahisi tena jinsi watu wanavyolitazama. Nikajikuta navuta mtandio upande wa kushoto kama msichana wa miaka ishirini. Wajukuu wa marehemu walikuwa wakipitisha kahawa na tende. Mmoja wao, binti mwenye adabu zake, aliniamkia, akaniuliza mimi ni nani wa bibi yake. Nilijipima: sikuwa jamaa, sikuwa jirani, wala sikuwa shoga yake. Nilimwambia mimi ni mtu wa zamani tu, akatosheka, akanipa kikombe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, peke yangu, ingawa shoga zangu walitaka tufuatane. Kuna mwaka mmoja wa maisha yangu ambao nimekuwa nikiusimulia kama kichekesho, maana watu hupenda vichekesho vya harusi, na mimi nikianza kuchekesha huwa sijui kuacha. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa mwaka ule, na tangu hapo nimeolewa, nimefiwa na mume, na sasa naishi na redio. Bi Rukia ameondoka, na sidhani kama yuko mwingine aliyebaki anayeujua ulivyokuwa. Basi nitausimulia bila kuchekesha, au nitajitahidi.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, Kiponda, katika nyumba ya mawe yenye ngazi zilizosimama wima hata ukipanda lazima ushike kamba. Habari za wazazi wangu naziacha. Hazihusiani na jicho. Chumba changu kilikuwa orofa ya juu kabisa, kina kitanda cha besera chenye nguzo nne, kabati lenye kioo kilichoingia madoa, na dirisha lililotazamana na dirisha la Mama Fatma ng'ambo ya uchochoro, karibu hivi kwamba akikohoa yeye, mimi ndiye niliyesema afya. Nilikuwa nimeposwa na Suleiman, kijana wa Malindi aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Nilikuwa nimemwona kwa nadra sana, na kila nilipomwona alikuwa anakula. Nilimwona mtulivu, anapenda chakula, na hilo lilinitosha. Mama yake ndiye Bi Rukia, mjane mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye shangazi alimwogopa kuliko alivyoogopa majini.

Ilianza na mafua ya masika ambayo hayakutaka kuondoka. Mvua zilipokatika kila mtu akapona, mimi nikabaki na pua iliyoziba upande mmoja. Kisha harufu zikanipotea. Nilifukiza udi nikaweka nguo juu ya kitezo zikakaribia kuungua, kwa kuwa sikusikia chochote. Chakula kikawa hakina maana: mchuzi wa papa, wali wa nazi, mkate wa kumimina ambao shangazi aliutia hiliki kwa mkono mkunjufu, vyote vikawa ni moto au baridi tu. Halafu maumivu yakaja. Yalianza kila asubuhi baada ya chai, juu ya nyusi ya kushoto, yakapanda jua likipanda, yakashuka shavuni hadi kwenye meno, na alasiri yakatulia. Shangazi aliyatambua mara moja. Kipandauso, akasema, kila mtu amepata, mama yake alikuwa nacho, hupanda na jua na hushuka na jua. Jina lilipopatikana kila mtu alistarehe isipokuwa mimi. Nimeliona hilo mara nyingi maishani, hata kwa wataalamu mikutanoni: jambo likishapewa jina, watu huondoka wakaenda zao.

Nilimeza vidonge vya dukani. Nilifungwa kitambaa kichwani kikanibana hata nikaona nyota. Nilifukizwa majani chini ya blanketi mpaka jasho likanitiririka hadi vidoleni, na kwa muda mfupi pua ilifunguka nikasikia harufu ya mkaa, nikalia kwa furaha, kisha ikaziba tena. Nilikunywa kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, na kwa hilo sitasema kitu, kwa kuwa hadi leo nikiumwa nalinywa. Ila sasa nalinywa pamoja na dawa ya daktari. Kosa halikuwa kombe. Kosa lilikuja baadaye, na lilikuwa kosa la watu wanaojali sana heshima, kama sisi.

Siku moja nilimimina chai kwa ajili ya mgeni, nikaimimina mezani. Niliona vikombe viwili, nikachagua kile ambacho hakikuwepo. Shangazi alicheka, akasema akili yangu imo Maskati. Lakini boriti za dari zilizidi kuwa nyingi, mwezi ukawa na pacha wake, na Mama Fatma kule dirishani akawa na vichwa viwili vilivyopandana, jambo ambalo kwa jinsi alivyopenda kusema lilimfaa. Nilipoziba jicho moja kwa kiganja, dunia ilirudi kuwa moja. Kisha kope la juu likavimba, na nilipojitazama kwenye kile kioo cha madoa niliona jicho limesukumwa, limetelemka na kwenda nje kidogo, kama kuna kidole nyuma yake. Niliogopa. Nilimwita shangazi, akaja, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, na nikaona uso wake ukibadilika. Hakusema kipandauso tena. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba watu wana macho, na kwamba msichana akiposwa na mtu wa Maskati hakosi wa kumhusudu. Kisha akafunga dirisha.

Harusi ilikuwa imeshapangiwa tarehe, Suleiman alikuwa ameshaomba likizo yake. Shangazi aliingiwa na hofu moja tu: kwamba Bi Rukia atasikia. Bibi harusi mgonjwa habari zake zingefika Malindi kabla ya adhana nyingine. Kumpeleka hospitali ni kumpitisha sokoni, mbele ya baraza, mbele ya kila jicho la mjini. Akakaa akafikiri, na akapata wazo ambalo yeye aliliona la busara sana. Kwetu bibi harusi huwekwa ndani kabla ya harusi yake, hatoki, hapigwi na jua, anasingwa na kufukizwa hadi ngozi ing'ae, na mgeni akiingia anafunikwa kanga usoni kwa haya. Siku hizi huwekwa siku chache, wengine hawawekwi kabisa. Shangazi aliniweka mimi wiki nyingi kabla, akatangaza uchochoro mzima kwamba Nasra anawekwa ndani kama walivyowekwa wa zamani. Hakuna aliyeshuku. Wote walisifu.

Basi nikakaa. Mchana pazia limeshushwa, chumba kina giza la rangi ya kahawia, na mimi nimelala upande wa kulia kwa kuwa nikilala kushoto uso mzima ulipiga kama ngoma. Watu walileta asumini, wakaziacha chini ngazini. Shangazi alinitandazia kitandani maua ambayo sikusikia harufu yake. Nilizisikia sauti zao tu. Mama Fatma alikuwa akimsema bintiye kila walipokaa kula: mtazame Nasra, ametulia ndani, wewe kutwa uko Forodhani, mtazame Nasra, atatoka hapo amekuwa mweupe kama mkate wa boflo. Nililala nikasikiliza nikisifiwa. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza kuliko uso. Mtu akiumwa na watu wakajua, hata wasipofanya kitu, anakuwa na wenzake katika maumivu. Mimi nilikuwa naumwa katikati ya hongera. Shangazi mwenyewe alinipenda, hilo lazima niliseme: aliniletea uji wa pilipili manga, akanishika mkono, akanisomea hadi sauti ikamkauka. Lakini kila nilipomwambia nipeleke kwa daktari alijibu kwamba baada ya harusi, mume wangu atanipeleka hata India. Nikikaa kimya, alifikiri nimekubali.

Rangi zikaanza kufifia. Nililiona hilo kwanza kwenye kanga nyekundu iliyoning'inia mlangoni. Nikiziba jicho la kulia, wekundu ule ulikuwa wa chai ya maziwa. Kila siku niliijaribu, na kila siku ilizidi kupauka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jicho lile lilikuwa linaondoka, na kwamba kwa mpango wa shangazi lingekuwa limekwishaondoka siku ya kuja bwana harusi. Nilikuwa na umri wa kuelewa hayo ila sikuwa na umri wa kujua la kufanya. Sikuwa nimewahi kumkatalia shangazi kitu. Ngazi zilikuwepo, mlango wa chini haukufungwa kwa kufuli, na bado sikutoka. Leo nikiwauliza wanafunzi wangu wa kike kwa nini hawakusema jambo fulani, na wao wakakaa kimya, sina ujasiri wa kuwagombeza.

Kisha Bi Rukia akaleta begi. Asiyejua ya kwetu nimwambie: upande wa bwana harusi huleta sanduku la nguo, viatu na manukato ya bibi harusi, wanawake huja nalo kwa vigelegele, na kila kitu hufunguliwa na kuonyeshwa mbele ya watu. Chumba changu kilijaa. Nilikalishwa katikati ya kitanda, kanga mbili zimenifunika kichwa na uso, na shangazi alikaa kushoto kwangu, bega kwa bega, ili asipite mtu. Nilisikia nguo zikikunjuliwa na wanawake wakisema mashaallah. Kupitia upenyo wa kanga nilimwona Bi Rukia amesimama mbele yangu, wawili, warefu wote wawili. Alisema ana bangili ya mama yake anataka kunivisha yeye mwenyewe, akaninyooshea mkono. Nami nikanyoosha wangu. Nikashika hewa. Nikajaribu tena, nikashika hewa tena, na wanawake wakacheka kwa mapenzi, wakasema bibi harusi ana haya. Bi Rukia hakucheka. Alisimama vilevile, mkono wake umenyooka, akiungoja wangu. Shangazi aliniminya paja. Nikajua kwamba akiondoka mwanamke yule, jicho langu limeondoka naye. Nikafunua kanga.

"Bi Rukia," nilisema, "nnakuona wawili."

Mtu mmoja alivuta pumzi, na bilauri ya sharubati ikawekwa chini taratibu. Bi Rukia aliinama akanitazama usoni kwa muda mrefu, karibu, hata nikaona nywele nyeupe za nyusi zake, mara mbili. Kisha alimgeukia shangazi, akamuuliza tangu lini. Shangazi alisema ni kipandauso tu, na husuda za watu, na kwamba kinaanza kupungua. Bi Rukia alifunga begi, akaliacha palepale sakafuni, akaniambia nivae buibui. Tulishuka zile ngazi mimi na yeye, amenishika kiuno kwa sababu kila kidato nilikiona viwili, na tukapita uchochoroni mbele ya kila mtu, jua limenipiga usoni kwa mara ya kwanza tangu niwekwe ndani. Shangazi alibaki juu analia.

Daktari wa hospitali ya mjini hakukaa nami muda mrefu. Alisema niende Dar es Salaam kesho yake, na nisingoje. Bi Rukia alikwenda na mimi, kwa kuwa shangazi alikuwa amelala hawezi kuinuka, kwa aibu au kwa hofu, sikujua. Daktari wa Dar alituchorea. Ndani ya mfupa wa paji la uso, alisema, kuna vyumba vya hewa, na kila chumba kina kimlango kinachotokea puani. Kimlango changu kiliziba siku nyingi, ute ukakusanyika, ukaoza, chumba kikavimba hadi ukuta wake ukabomoka upande wa jicho. Usaha ulikuwa unalisukuma jicho na kuubana mshipa wake. Alisema angalau nusu ya uoni ataweza kuuokoa, na nusu nyingine tungoje Mungu. Nilitaka kucheka, kwa sababu nilikuwa nimetoka katika chumba cha namna hiyohiyo, lakini kucheka kuliuma. Alinipasua pale kwenye nyusi. Kovu limo ndani ya nywele, huwezi kuliona mpaka nikuonyeshe.

Tulikaa Dar wiki kadhaa. Bi Rukia alilala kwa jamaa zake Kariakoo, akaja wodini kila kukicha na kikapu: mtori wa ndizi aliojifunza kwa wenyeji wake, samaki wa chukuchuku, machungwa aliyoyamenya yote kabla hajaja ili yasinitie kazi. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa kwenye kiti cha chuma akivuta uradi kwa tasbihi, na nilipolia hakuniambia nisilie. Siku moja alimenya chungwa palepale karibu na kichwa changu, na kitu kikaniingia puani, kikali, kitamu, nikashika mkono wake. Ilikuwa harufu. Nilimwambia, naye akanisogezea maganda yote usoni, akaniacha nivute. Nilijiona nina mama. Nililala nikipanga jinsi nitakavyomtunza akizeeka, nitakavyompikia, nitakavyomwita mama mbele ya Suleiman. Picha ya Suleiman mwenyewe haikunijia kichwani hata kidogo, na sikuliona hilo kuwa ajabu.

Tuliporudi, jicho lilikuwa limeshapungua uvimbe. Viwili vilikuwa vimerudi kuwa kimoja, isipokuwa nikitazama juu. Wekundu ulikuwa umebaki wa chai ya maziwa, na umebaki hivyo hadi leo. Nilipandishwa chumbani kupumzika. Pazia lilikuwa bado limeshushwa. Chini, ukumbini, nilimsikia shangazi akimshukuru Bi Rukia, akimkaribisha kahawa, akianza kuzungumzia tarehe mpya ya harusi. Kisha nikaisikia ile sauti ya chini. Sikuyapata maneno yote. Nilisikia kwamba lau angeambiwa, angengoja hata mwaka. Nilisikia shangazi akiapa. Halafu nikasikia viatu vinapanda ngazi.

Bi Rukia alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniweka sawa mto. Aliniambia ndoa ile haitokuwa. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya jicho. Alisema jicho ameshalizoea, ila kule kufichwa hakukuzoea, na kwamba kila akinitazama atajiuliza ni nini kingine kimefichwa. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyefunua. Alijua. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, kwamba mimi sina kosa, na kwamba mwanawe anamwozesha kwenye ukoo, si kwa mtu mmoja. Nikamuuliza ameamua lini.

"Siku ileile," alisema. "Nilipokuona."

"Na bado ukaja na mimi Dar? Ukakaa muda wote ule?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kijinga. "Kwani wewe si mtoto wa watu?"

Akainuka, akanibusu kichwani, akashuka. Sikuzungumza naye tena maisha yangu yote, zaidi ya kuamkiana njiani, shikamoo, marahaba, huku akinitazama jicho kwanza kabla hajanitazama uso. Kwa miaka mingi nilimkasirikia, na nilimkasirikia zaidi kuliko nilivyomkasirikia shangazi, ingawa hilo halina haki ndani yake. Nadhani ni kwa sababu shangazi sikuwahi kumpangia ndoto yoyote.

Jioni ile shangazi alipanda. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo niliweza kuliona vizuri kwa jicho la kulia. Alikaa palepale alipokaa Bi Rukia. Begi lilikuwa limeshachukuliwa, na wote wawili tulikuwa tunatazama mahali lilipokuwa.

"Ungestahamili siku chache tu, Nasra," alisema. "Leo ungekuwa mke wa mtu."

"Na jicho, Shangazi?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na ukatili wowote. Alikuwa anafikiri kwa dhati, kwa ajili yangu. "Wangapi wana jicho moja," alisema, "na waume zao wanawapenda."

Aliniuliza kama nimeshatia dawa ya jioni. Nikasema bado. Akapandisha pazia apate mwanga, akaichukua chupa ya matone, akakilaza kichwa changu mapajani mwake na kunifungua kope kwa kidole gumba, taratibu sana, kama mtu anayegusa kitu cha kuazima. Akatia, akafuta kilichotiririka shavuni, na kila asubuhi na kila jioni hadi dawa ilipokwisha alinitia yeye mwenyewe, na hakukosea hata tone moja.